Taarifa ya Alhamisi Iliyosomwa Jumatano

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili asije akatokea mwingine kuigombea nafasi hiyo, maana katika nchi yetu nafasi ya ujinga ina waombaji wengi na wote wana barua za utambulisho. Mjinga nilikuwa mimi, Tungaraza, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Mawasiliano na Vyombo vya Habari. Ushahidi ni kwamba siku hiyohiyo nilipata alama ya juu kuliko zote tangu kitivo kianzishwe.

Nchi yenyewe inaitwa Kitulizo. Usijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ramani zetu huchorwa upya kila baada ya mkutano mkuu. Ina milima, ina mito, na ina Kiongozi Msikivu. Anaitwa Msikivu kwa sababu husikia kila kitu, hata yale ambayo ulikuwa hujaamua kuyasema.

Wageni hutushangaa. Wao wanatoka kwenye nchi ambako tukio hutokea kwanza, kisha habari inalikimbilia nyuma ikihema kama mtu aliyeachwa na gari. Sisi huko tulikwisha toka. Kwetu habari huandikwa kwanza, pale Jengo Kuu, siku tatu kabla. Ikishagongwa muhuri, tukio hupelekewa nakala lijiandae. Na likishindwa kujiandaa hurekebishwa. Mwaka juzi habari ilisema mvua ni za wastani, na mto mmoja wenye kiburi ukafunika kijiji kizima. Ilibidi kijiji kifutwe kwenye sensa ili mvua zirudi kuwa za wastani. Watu wa kijiji hicho hawakulalamika hata kidogo, na mpaka leo hawajalalamika.

Haya yote tunayasoma chuoni, na tunayasoma kwa mpango.

Mwaka wa kwanza ni Makofi. Unajifunza kupiga baada ya kila habari, iwe ya kisima au ya msiba, kwa sababu ukichagua ipi ya kupigia na ipi ya kuachia utakuwa umefikiri. Unajifunza pia kwamba hakuna mtu wa kwanza kuacha. Mwaka wa pili ni Upambaji. Bei hazipandi, zinajirekebisha. Umeme haukatiki, unapumua. Mwaka wa tatu, ambao ndio mgumu, ni Usomaji Usioelewa. Profesa Lutengano, Mkuu wetu wa Kitivo, anaufundisha mwenyewe akiwa amefumba macho kama mtu anayesali. Anasema mtangazaji akielewa anachosoma nyusi zake zitacheza. Niliwahi kuuliza, kwa adabu, kwamba si redio haina picha. Akanijibu kwamba nyusi zinasikika.

Basi tulifanya mazoezi. Mwenzangu Zawena alipewa barua ya hospitali iliyomhusu mama yake mzazi, aisome mbele ya darasa. Aliisoma mpaka mwisho, sauti imenyooka kama rula, akaomba ruhusa ya kwenda nje, akakaa huko saa mbili. Akapewa alama ya A.

Mimi somo hilo sikulihangaikia. Nimefukuzwa shule mbili, nyumba nne na posa moja, na mara zote nilisomewa barua nikiwa natabasamu. Mtu aliyezoea kusomewa hachelewi kujua kusoma.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinaninyima raha, nacho ni kikohozi. Mwaka uliotangulia, kijana mmoja anaitwa Mlekwa alikohoa hewani katikati ya jina la Kiongozi Msikivu. Kikohozi chenyewe kilikuwa kidogo tu. Saa hiyohiyo likaja gari la kijivu, akashuka bwana mmoja mpole mwenye viatu vya kahawia, akaondoka naye kwenda kwenye kinachoitwa mafunzo ya vitendo. Mama yake Mlekwa hupata barua kila mwezi zikimwambia mwanawe anaendelea vizuri. Kila mwezi kwa mwandiko mpya.

*

Mtihani wangu ulikuwa Jumatano. Mtihani wa mwisho wa kitivo chetu ni mmoja: unasoma taarifa ya saa saba mchana kwenye studio ya chuo, na nchi nzima inakusikiliza moja kwa moja. Saa saba kila kitu husimama kwa mujibu wa sheria. Sokoni mizani husimama, hospitalini sindano husimama, na spika hufunguliwa kila mahali watu wanapozidi wawili.

Kwa hofu ya kikohozi nilitafuna tangawizi mbichi tangu alfajiri, na nikafika studio saa nzima kabla. Mezani palikuwa na majalada mawili ya kijani. Majalada yote ya taifa ni ya kijani, kwa sababu rangi nyingine zilionekana zina maoni. Ndani hayana tarehe. Tarehe huandikwa baadaye, tukio likishatii. Utaratibu ni mmoja tu, nao hata mtoto angeuweza: jalada la juu ni la leo, la chini ni la kesho.

Nikayachukua yote mawili nitafute majina magumu. Nikayarudisha. La juu likawa chini.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipokaa. Si mrefu, ni wa kimo cha jalada.

Dada Sihaba, fundi mitambo wetu, akainua kidole nyuma ya kioo. Taa nyekundu ikawaka. Nikasoma kwamba Kiongozi Msikivu amefungua kisima na kisima kimemshukuru. Nikasoma kwamba bei ya unga imejirekebisha kwa mara ya nne. Nikageuza ukurasa, nikasoma hivi:

"Waziri wa Sauti na Ukimya wa Umma, Mheshimiwa Bakilana Kigwasu, amejiuzulu asubuhi hii kwa hiari yake kutokana na maradhi ya figo. Kiongozi Msikivu ameipokea barua yake kwa masikitiko. Majirani wanasema Mheshimiwa alionekana mwenye furaha kubwa wakati akiingizwa kwenye gari."

Nilisoma kama mtu anayesoma maelekezo ya sabuni. Katikati niliinua macho nikamwona Dada Sihaba mkono wake uko juu ya swichi. Kuna sheria inayokataza kukata taarifa ya habari hewani, na kuna sheria inayokataza kurusha taarifa kabla ya siku yake. Mkono wa yule dada ulining'inia katikati ya sheria mbili mpaka nikamaliza. Mimi nilidhani ananistaajabia, nikaongeza uzito kidogo kwenye neno "figo".

*

Sasa, Mheshimiwa Kigwasu siku hiyo hakuwa nyumbani kwake. Alikuwa palepale chuoni, Ukumbi Mkuu, mita mia mbili kutoka kwangu, akifungua Wiki ya Uhuru wa Kusikiliza mbele ya wanafunzi mia tisa. Zawena alikuwa ameketi safu ya tatu, na ndiye aliyenisimulia haya.

Saa saba ilipogonga Waziri alikatiza hotuba yake, akainamisha kichwa kama sheria inavyotaka. Spika zikafunguliwa. Alisikiliza kisima kwa utulivu, wakapiga makofi. Akasikiliza unga, wakapiga makofi. Akasikiliza kujiuzulu kwake, na Zawena anaapa kwamba mtu wa kwanza kupiga makofi ukumbini alikuwa Waziri mwenyewe. Ni mazoea ya miaka ishirini; mikono ilitangulia, akili ikaja kwa miguu. Zawena anasema ungeweza kuiona inavyofika. Ilianzia kwenye shingo, ikapanda mashavuni, ikaingia machoni. Lakini mia tisa walikuwa wanapiga, na hakuna mtu wa kwanza kuacha. Basi Mheshimiwa akaendelea kujipigia makofi ya kuondoka, jasho linamdondoka kwenye tai, kwa dakika zaidi ya mbili.

Huku kwangu taa ilizimika. Dada Sihaba akaingia, akafunga mlango, akakaa chini sakafuni na sketi yake nzuri.

"Mdogo wangu," akasema, "unajua umesoma nini?"

Nikamwambia ukweli kwamba sijui. Akanishikisha lile jalada, akaniambia nisome tena, safari hii kama watu wa zamani walivyokuwa wakisoma. Nikasoma. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu maneno kuniingia, na yaliingia yote kwa pamoja, kwa kusukumana. Nikakaa sakafuni karibu naye, tukawa wawili.

Akaniuliza kama nina ndugu nje ya nchi. Nikasema sina hata ndani. Nilisema kwa kutania, ndivyo nilivyo, lakini kicheko kilitoka kikiwa na sauti ya mtu mwingine.

Dirishani tukaliona gari la kijivu likiingia getini. Lilikuja taratibu, likapisha hata kuku. Akashuka yule bwana wa viatu vya kahawia, akavifuta vumbi kwa kitambaa, akamuuliza mlinzi jambo, na mlinzi akamwonyesha kwa mikono miwili ofisi ya Mkuu wa Kitivo. Baada ya muda mfupi ukaja ujumbe kwamba mtahiniwa Tungaraza anahitajika huko.

Nikamuuliza Dada Sihaba kama kuna mlango wa nyuma. Akanitengeneza kola, polepole, kama anayemwandaa mtu kwa picha.

"Nenda mwenyewe," akasema. "Wanaokwenda wenyewe huachiwa mkanda wa suruali."

*

Ofisini walikuwa watatu. Mheshimiwa Kigwasu alikuwa amesimama katikati ya zulia, koti lake limetundikwa kwenye kiti. Profesa Lutengano alikuwa nyuma ya meza yake, na kwa mara ya kwanza nikamwona amefumbua macho yote mawili. Yule bwana wa gari la kijivu, ambaye kwetu huitwa Afisa tu bila jina, alikuwa pembeni karibu na mlango, amepewa chai, anaipuliza. Aliniangalia mara moja kwa upole. Mimi nilitamani aniangalie kwa ukali.

Waziri alitaka jambo moja, nalo alikuwa amekwisha lisema mara nyingi kabla sijaingia: nikamatwe kwa kutangaza uongo. Profesa akamweleza kwa heshima zote kwamba Redio ya Taifa haijawahi kusema uongo tangu iundwe, na kwamba atakayesema imesema uongo ndiye atakayekuwa na kesi. Basi ni kweli? Waziri akauliza. Profesa akasema kama ni kweli, basi aliye mbele yake si Waziri, na mtu asiye Waziri hawezi kuagiza mwanafunzi wa watu akamatwe. Alikuwa anatafuta njia ya kupita katikati, maskini, na ulimi ulikuwa unamsaliti: sentensi ikianza na "Mheshimiwa" ilikuwa inaishia na "ndugu yangu", na inayofuata inaanzia kwenye "mzee" na kurudi juu haraka kwenye "Mheshimiwa".

Simu ikalia. Ilikuwa Jengo Kuu. Profesa aliipokea akiwa amesimama, akasema ndiyo mara tatu, akaiweka chini kama anavyolazwa mtoto mchanga. Wote tukamtazama.

"Wanauliza kama sauti ilisikika vizuri," akasema.

Hakuna aliyejua maana yake. Waziri akachukulia kuwa ni dalili njema, mimi nikachukulia kuwa ni mwisho wangu. Afisa akaongeza sukari.

Waziri akabadili mbinu. Akataka yatolewe masahihisho. Profesa akafungua kalenda, akamweleza kama anayemweleza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Masahihisho nayo ni habari, lazima yaandikwe siku tatu kabla. Taarifa za hadi Jumamosi zimekwisha gongwa muhuri. Waziri akasema kwa matumaini kwamba ya Jumamosi bila shaka inaweza kufunguliwa ikaongezwa mstari mmoja. Profesa akashusha sauti.

"Ya Jumamosi nimeiona asubuhi," akasema. "Jina lako limo, Mheshimiwa. Ila si mahali pa masahihisho."

Kwetu taarifa ya Jumamosi ina sehemu tatu tu: michezo, hali ya hewa, na salamu za rambirambi, na Mheshimiwa Kigwasu hakuwa mchezaji.

Nilimwona akikaa. Nilikuwa nimemwogopa mtu huyu tangu nikiwa darasa la nne, picha yake iko kwenye daftari za shule ameweka kidole mdomoni. Sasa mkono wake ulikuwa unapapasa meza, ukahamia mifukoni. Akatoa karatasi ya daktari. Akamwonyesha Profesa, akanionyesha na mimi.

"Figo mbili," akasema. "Zote nzima. Someni wenyewe. Mke wangu amepika, wananisubiri."

Profesa akafungua lile jalada la kijani nililoingia nalo, akalizungusha mezani ili Waziri aone chini ya ukurasa. Palikuwa na muhuri wa Wizara ya Sauti na Ukimya wa Umma, na juu yake sahihi ndefu yenye mkia. Waziri akaufuata mkia huo kwa kidole.

"Mimi huwa sisomi ninachosaini," akasema. "Nikisoma, kazi hazitaisha."

Wakati huo nilifanya kosa la kufungua mdomo. Nikasema, Mheshimiwa, nisamehe, mimi sikuelewa nilichosoma. Profesa akasahau hatari zote zilizomzunguka, uso ukamng'aa kama wa baba kwenye harusi.

"Ni kweli kabisa, hakuelewa hata neno moja," akasema. "Nimempa tisini na nane."

Ile sifa ndiyo iliyoniangusha. Waziri alikuwa kama amenisahau, sasa akanikumbuka, na akasimama akiwa Waziri tena, amejaa koti ambalo hata hakuwa amelivaa. Akasema taarifa ya jalada haiwezi kusahihishwa, sawa, lakini mdomo hauna jalada. Mimi ndiye niliyesema, basi mimi ndiye nitakayekana. Nitarudi studio sasa hivi, nitawasha kipaza sauti, nitasema kwa mdomo wangu kwamba nilikosea na kwamba Waziri ni mzima na anachapa kazi. La sivyo nitaondoka na huyu bwana anayekunywa chai.

Naomba mnielewe vizuri hapa, ninyi mliosoma vyuo vya nchi zenye matukio. Nikienda studio nikasema nilikosea, nitakuwa nimesema kwamba redio hukosea, na adhabu yake ni mafunzo ya vitendo ya miaka ishirini. Nikikataa, nitakuwa nimemkatalia mtu ambaye mpaka kesho asubuhi bado ni Waziri, na kwa Waziri saa kumi na nane zinatosha kabisa. Nilimtazama Profesa. Alikuwa anasoma dari. Niliwaza mwandiko: kila mwezi mwandiko mpya, na mimi sina hata mama wa kuzipokea hizo barua. Watamwandikia nani?

Niliangalia mkanda wangu wa suruali. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kuwa na kitu kimoja changu.

Nikasema, sauti ikiwa imenyooka kama rula, kwamba sitakwenda studio. Nisingependa mdhani ni ushujaa. Miguu tu ndiyo iliyokuwa haitembei, na mdomo ukaona bora uipambie.

Waziri hakukasirika. Alitulia, na utulivu wake ulikuwa mbaya kuliko hasira, kwa sababu ulifanana na wa mtu aliyekwisha pata wa kumtanguliza mbele yake. Akamgeukia Afisa. Akamwambia kwamba tangu ameingia humu ndani hajafanya lolote isipokuwa kumaliza chai ya serikali. Kwamba taarifa imesomwa saa saba, naye saa saba na robo alikuwa ameshafika, kwa hiyo bila shaka anajua kazi iliyomleta. Mhalifu ni huyu hapa, amekiri mbele ya Profesa, amekaidi amri mbele ya mashahidi.

"Sasa unangoja nini?" akasema. "Mimi ndiye Waziri wako. Mchukue huyu kijana uende naye."

Afisa aliweka kikombe chini kwenye kisahani chake bila kukiliza. Akasimama. Viatu vya kahawia vikaja juu ya zulia kuelekea kwangu, na mimi nikafumba macho kama Profesa anavyofundisha. Nilisikia vinanikaribia, nikasikia pumzi yake ya chai na iliki, nikasikia vinanipita. Nilipofumbua alikuwa ameliondoa koti la Mheshimiwa kwenye kiti, amelikung'uta vumbi, amelishika limefunguka mikono yote miwili, kama anavyofanya mhudumu wa hoteli nzuri, analisubiri liingiwe.

"Gari langu lina kiti kimoja tu cha abiria, mzee," akasema, "na kimeandikwa jina lako tangu Jumatatu."